Kiganja Juu ya Tundu la Maji

Gikonyo alikuwa na sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na mota ya mashine ya kufyonza vumbi, na ubavuni neli ya plastiki yenye maji aliyoyatia rangi kwa majani ya chai. Ukiweka hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu, juu ya sanduku, mota huivuta hewa ipite ndani ya hedi kama injini inavyopumua. Hewa ikiongezeka, maji hupanda kwenye neli. Ikikwama, maji husimama. Kwa sanduku hilo aliwahudumia madereva wa mbio wa Eldoret miaka ishirini na sita, nyuma ya maghala ya mahindi, na halikuwahi kumdanganya.

Kamshafti huinua valvu, na valvu ikiinuka, hewa huingia. Lakini kila hedi ina kikomo chake. Utaiinua valvu milimita saba, nane, tisa, na maji yanapanda nayo. Kisha hufika mahali ambapo hata ukiinua zaidi hayasongi, kwa sababu njia iliyo nyuma ya valvu ni nyembamba kuliko uwazi wake. Hapo Gikonyo huchora chaki. Kamshafti ya kuinua kupita chaki ni mlango wa kanisa kwenye nyumba ya kuku.

Hewa ya Eldoret ni nyepesi. Wakimbiaji huifuata, injini huililia.

Hedi aliyoijua kuliko zote ilikuwa ya Mzee Kipchumba, mkulima wa Moi's Bridge, ya gari la miaka ya sabini. Nyingine ya aina hiyo ilitafutwa hadi Kampala, haikupatikana. Kipchumba alipopooza upande mmoja, binti yake Chebet alishika usukani, na kabla ya kila mbio alimpigia simu baba, akaiweka karibu na injini ili mzee asikie. Gikonyo alikuwa amemwahidi Kipchumba: hiyo hedi haitafia mikononi mwangu.

Mwezi wa pili Chebet alikuja na kamshafti imefungwa kwa gazeti.

"Mzee, hii inainua kumi na mbili."

"Hedi ya babako inaishia kumi. Chaki iko pale, nenda uisome."

"Basi panua njia."

"Nimeipanua mara nne tangu ukiwa na meno ya maziwa. Nyuma ya huo ukuta kuna maji ya kupoza injini. Hii si ugali, ati ukikosea unaongeza unga."

"Mwaka jana nilikuwa wa mwisho, Mzee. Wa mwisho! Hata mwalimu Vincent alinipita, na ile gari yake hubeba maziwa."

Kabura, aliyeuza chai langoni, akacheka. "Mwache, Chebet. Huyu siku hizi ni fundi wa hedi za bodaboda."

Gikonyo aliitoa kamshafti kwenye gazeti. Ilikuwa kweli. Magari mapya yalienda kwa wenye kompyuta, na kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa amemwomba kitu kigumu.

"Iache hapo," akasema.

Alisaga njia ya hewa siku mbili. Zamani kidole chake cha shahada kilitambua ukuta ukianza kuwa mwembamba, kama mama anavyotambua homa kwenye paji la mtoto. Lakini grainda, kwa mtetemo wake, humla mtu polepole. Ncha ya kidole hicho ilikuwa imegeuka nyeupe, haihisi hata chai ya moto. Hakuwa amemwambia mtu.

Alhamisi akaiweka hedi kwenye sanduku, Chebet akitazama. Milimita tisa, maji yakapanda kama siku zote. Kumi, yakafika kwenye chaki. Kumi na moja, yakapita. Kumi na mbili, yakasimama vidole viwili juu ya chaki.

"Uuui!" Chebet akapiga kofi. "Na ulikuwa unakataa!"

Gikonyo alikuwa na desturi. Kila alipomaliza kusaga, aliziba matundu ya maji ya hedi, akaijaza maji, akaiacha mpaka chai ya saa nne, ndipo akatazama kama ukuta unatoa jasho. Siku hiyo hakuijaza. Maji ya kwenye neli yalikuwa yameshamjibu.

Ijumaa waliifunga injini. Chebet alijaza maji kwenye rejeta, yakapungua. Akajaza, yakapungua tena.

"Hiyo gari ina kiu kuliko punda wa Cheptiret," Kabura akasema.

Gikonyo hakucheka. Chebet alipogeuza ufunguo, injini ilisema tuk, ikanyamaza. Gikonyo akatoa plagi, akamwambia ajaribu tena. Maji yakaruka kutoka kwenye silinda ya tatu, yakamwagikia viatu vyake.

Waliifungua. Obonyo, mchomeleaji wa jirani, alipitisha waya kwenye njia ya hewa, ukatokea upande wa maji. Tundu lilikuwa dogo kama punje ya mtama.

"Si tundu linalonitisha, Mzee. Huu ukuta wote umebaki karatasi. Nikiuwekea moto, unaondoka."

"Lakini maji yalipanda," Chebet akasema. "Niliyaona kwa macho yangu."

Gikonyo alirudisha hedi kwenye sanduku, akawasha mota, akamwambia ainue valvu hadi kumi na mbili. Maji yakapanda vidole viwili juu ya chaki. Kisha akaweka kiganja juu ya tundu la maji lililo mbele ya hedi. Kiganja kilivutwa; hewa ilikuwa ikiingilia humo. Maji yakashuka, yakatulia kwenye chaki.

Aliondoa kiganja, yakapanda. Akakirudisha, yakashuka.

Simu ya Chebet ikalia. "Ni baba. Mbio ni kesho, anataka kusikia injini."

Gikonyo alizima mota, na maji yote yakaanguka chini ya neli. Akanyoosha mkono apewe simu.

"Kipchumba, ni mimi."

"Gikonyo!" Sauti ilitoka upande mmoja wa mdomo. "Haya, washa. Niko tayari."