Nambari Sita za Mama Daktari

Sikuenda Nairobi kutembea. Nilienda kupeleka nambari sita ambazo hata zilikuwa hazijaingia kwenye simu yangu.

Binti yangu Mwende, wa miaka kumi na minane, alimaliza kidato cha nne akapita vizuri. Anakaa Nairobi, mtaa wa Mountain View, kwa dada yangu mdogo, Kalekye, akingoja chuo. Kabla hajaondoka hapa Machakos tulikaa saiba, duka la intaneti, tukajaza kozi zake kwa nambari yangu ya simu, na ya kwanza niliichagua mimi: udaktari. Sasa alinipigia kusema anataka kuibadilisha aweke upimaji wa ardhi. Nambari sita za kuthibitisha zingeingia kwangu, nami nimsomee, kwa kuwa mtandao wa maombi ya chuo ulikuwa unafungwa kesho yake jioni. Nikamwambia nitazileta mwenyewe.

Lazima niungame. Mwende akiwa darasa la tatu alimfunga kuku mguu uliovunjika kwa kitambaa changu cha kushonea. Kuku akapona, tukamla Krismasi, nami nikaanza kumwita mtoto Daktari. Mtaa mzima ukafuata. Tangu hapo mimi ni Mama Daktari kanisani, Mama Daktari kwenye bucha, na hata wateja wangu wa nguo hawajui jina lingine. Jina hilo nalipenda, sitadanganya.

Saa kumi na moja alfajiri nilifunga mlango. Jirani yangu Mama Kioko alikuwa tayari anafagia. Akaniambia nimsalimie Daktari, na nimuulize goti lake linalouma usiku litumie dawa gani.

Saa mbili na nusu nilikuwa Ngara, Nairobi, kwenye duka la jumla la sare. Nilikuwa nimeamua kumnunulia koti jeupe la daktari, maana mtoto akiona kitu kwa macho yake huregeza msimamo. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani kwenye paji la uso, aliniuliza saizi yake. Mimi, fundi ninayepima watu mwaka mzima, mara ya mwisho kumpima Mwende alikuwa kidato cha pili. Nikamwambia mzee anipe la kunitosha mimi. Akaniuliza kama mtoto mwenyewe anautaka huo udaktari. Nikasema anautaka sana. Akacheka polepole, akasema mjukuu wake alinunuliwa koti kama hilo na sasa analivaa akipika chapati. Nilitoka dukani nimenuna.

Saa tano nilifika Kileleshwa. Kalekye alikuwa amenielekeza kwenye mjengo wa gorofa ambako Mwende alipata kibarua cha wiki mbili. Langoni nilivishwa kofia ngumu ya manjano, nikaingia na mfuko wangu wa koti. Nikamwona mwanangu upande wa pili wa kiwanja, ameshika fimbo ndefu yenye mistari myekundu na myeupe, ameisimamisha wima na hatikisiki. Upande wa huku alikuwa msichana aitwaye Makena, mpima ardhi, ameinamia chombo chenye miguu mitatu kilicholenga fimbo hiyo. Nikaenda mbio kumkumbatia wangu.

“Mama, toka kwa line,” Mwende akasema, bila hata kunitazama.

Nikatoka. Kwenye kiwanja hicho hakuna aliyejua kwamba mimi ni Mama Daktari.

Wakati wa chakula, kwenye kibanda cha chapati madondo nje ya lango, Makena aliniambia Mwende haishi maswali. Kila nambari inayotoka kwenye chombo anataka kujua imepatikanaje. “Mimi naweza kumwonyesha kushika fimbo,” akasema. “Hiyo hesabu nyingine, mum, lazima akae darasani.”

Saa kumi alasiri tulikuwa Mountain View, sebuleni kwa Kalekye. Mwende akabonyeza simu yake, na yangu ikalia. Nambari sita zile pale. Nikaifunika kwa kiganja, nikamuuliza amekosa nini kwenye udaktari.

“Daktari mmeniita tangu class three, na sijawahi tibu mtu,” akasema. “Naskia aibu, Mama. Nataka kuenda college ndio nikiitwa kitu, ikuwe ni kitu najua.”

“Na hii ya kupima mashamba umeitoa wapi?”

Akanitazama kama ninayemtania. “Si ni wewe ulikuwa unanishikisha hiyo mwisho ingine ya tepu kila Saturday?”

Niliona uchungu, kwa sababu jina langu lilikuwa linaondoka. Na hapo hapo nikaona furaha, kwa kuwa kupima alikuwa amejifunza kwangu. Kalekye akatukumbusha kwamba nambari hizo zina dakika kumi tu. Nikasoma moja moja, kwa sauti, kama nasoma vipimo vya mteja. Kisha nikatoa tepu kwenye mkoba nikampima mabega, kifua na urefu. Koti lilimzidi kila mahali, tukacheka sana.

Kesho yake mchana nilikuwa nimerudi Machakos, kwenye cherehani yangu, nimevaa koti jeupe. Linanikaa vizuri na lina mifuko ya chaki na pini. Nilichojifunza ni kwamba kwa miaka yote hii nilikuwa nimemvisha mwanangu jina bila kumpima.

Mama Kioko akaja kuuliza habari za goti. Nikamwambia aende hospitali, kwa sababu Mwende anakwenda kusomea kupima ardhi. Akasogeza kiti, akaanza kunieleza habari za shemeji yake aliyesogeza mpaka wa shamba.

“Sasa, Mama Surveyor,” akasema, “si unaweza kumwambia akuje tu Jumamosi aangalie?”

“Niite Mama Mwende,” nikamwambia. “Hayo mengine ngoja asome kwanza.”