Fundi Kiwiko na baraza lililougua

Saa mbili na nusu asubuhi, na karakana imeshajaa kelele. Mteja wa kwanza ni bwana mwenye nyumba mpya ya ghorofa. Amekuja na picha kwenye simu: baraza la juu, reli za alumini nyeusi, fito zimelala kutoka nguzo hadi nguzo. Anataka hivyohivyo, asipunguziwe wala asiongezewe. Fundi anaitazama picha, anaikuza kwa vidole viwili, kisha anauliza jambo ambalo halimo kwenye picha. Nyumbani kuna watoto?

Wapo wawili, anajibu bwana yule, mmoja wa miaka mitatu na mwingine mitano. Fundi anaburuta kipande cha maonyesho chenye fito za kulala, anaweka kiatu kwenye ufito wa chini, cha pili kwenye ufito wa juu yake, na kabla mteja hajasema neno, mzee huyu wa miaka sitini na moja ameshafika juu kabisa, anamwangalia kutoka huko juu.

"Ulichokileta ni ngazi, ndugu yangu," anasema akishuka taratibu, mkono mmoja kiunoni. "Mimi nauza reli."

Bwana anacheka mpaka anafuta macho. Dakika kumi baadaye ameshachagua fito za kusimama, zilizokaribiana kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipiti.

Kisha inafuata ile shughuli iliyompa fundi huyu jina. Anamwambia mteja asimame wima na kukunja mkono kama mtu anayeegemea dirisha akitazama wapita njia. Anaweka futi chini ya kiwiko, anasoma, anaandika kwa chaki sakafuni. Reli yake haishuki chini ya mita moja hata mteja awe mfupi vipi, lakini kupanda hupanda, kufuata kiwiko cha yule anayekaa barazani zaidi kuliko wenzake. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Kiwiko. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho.

Ukimuuliza namna ya kuchagua reli za alumini, jiandae kusimama. Atakugongea bomba jembamba na bomba nene usikie tofauti. Atakuonyesha mkono wa juu wa mviringo, unaofaa wazee kwa kuwa kiganja kinaushika wote, na ule bapa, unaopendwa na wanaotaka mahali pa kutua kikombe. Atakukataza boliti za chuma cha kawaida, kwani zikilowa zikiwa zimeshikana na alumini huanza kuila pole pole. Rangi utachagua nyeupe, nyeusi au ya kahawia, zote zimepakwa na kuchomwa kwa moto kiwandani. Hapo kwenye rangi ndipo anapopunguza maneno.

Fundi Kiwiko hakuanza na alumini. Alianza na chuma, miaka thelathini na minne iliyopita, akiwa na mashine ya kuchomelea ya kuazima na mke aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Yeye alikata na kuchomelea. Mke alifuata nyuma na msasa na brashi. Ndiye huyo watu waliyempachika jina la Mama Rangi, na mpaka leo mwenye duka la vifaa vya ujenzi halijui jina lake jingine.

Ile ilikuwa miaka mizuri, hilo analisema bila kificho. Walikuwa wanatoka nyumbani pamoja, wamebeba chakula chao kwenye kopo, na kugombana njia nzima. Mume akisema kazi imekwisha, mke anaonyesha kwa kidole tone la rangi lililokauka likining'inia. Mke akisema amemaliza, mume anagusa na kuacha alama ya dole gumba kwenye rangi mbichi. Mama Rangi alikwenda harusini na kucha za kijani. Binti yao alijua kutaja rangi zote za kwenye makopo kabla hajaijua herufi hata moja.

"Nilikuwa nafanya kazi nikimsikia anaimba nyuma yangu," anasema fundi. "Akinyamaza, najua nimekosea kitu. Sasa karakana ina mashine nne na sisikii chochote."

Kwa miaka ishirini na mitano walipita nyumba mia moja na themanini na kitu. Kisha alumini ikaingia, nyepesi, haishiki kutu, na imekuja na rangi yake. Wateja wa chuma wakapungua kutoka sita kwa mwaka hadi mmoja, halafu hata huyo mmoja hakuonekana. Mwaka wa kwanza Mama Rangi aliendelea kuja karakana, akawa anafuta vumbi kwenye mabomba. Mwaka wa pili akabaki nyumbani. Hakufukuzwa na mtu. Kazi tu iliondoka ikamwacha amesimama.

Likabaki baraza moja la kupaka, la kwao wenyewe.

Nyumba yao iko kwenye mteremko, na baraza lake la nyuma limeinuka mita mbili na nusu juu ya mtaro wa mawe. Reli yake ya chuma waliitengeneza miaka ishirini na saba iliyopita, mwaka waliohamia. Kila mwaka Mama Rangi aliipaka upya, rangi aitakayo, bila kuulizwa. Kijani mwaka aliozaliwa binti wa mwisho. Bluu mwaka mume alipolazwa miezi miwili kwa ugonjwa wa mapafu, naye akawa anapaka ili asikae bure akilia. Wageni walikuwa wakiisifia reli ile kabla hawajasifia chai.

Mwaka jana, watoto wa binti mkubwa walikuja likizo kama kawaida. Mdogo wao, wa miaka minne, alikuwa amekaa barazani akibembea huku ameshika ufito mmoja kwa mikono miwili. Ufito ukang'oka kwa chini. Mguu ukapita, paja likapita, akabaki amekwama kiunoni, upande mmoja wa mwili uko hewani juu ya yale mawe. Bibi yake alimdaka kwa gauni. Alitoka na mchubuko mrefu pajani na kilio kilichosikika nyumba ya nne.

Walipoinama kutazama, nguzo na fito zilikuwa zimeliwa na kutu kuanzia chini, pale maji ya mvua yanapotuama. Kwa nje zilikuwa zinang'aa. Ndani ya lile ganda la rangi chuma kilikuwa kimebaki unga.

Fundi Kiwiko hajitetei. Analisimulia jambo hili akitazama viatu vyake, na anataka liandikwe.

"Ule uvimbe niliuona mapema. Rangi ilikuwa imetoa lengelenge chini ya nguzo, na mimi najua lengelenge maana yake nini. Nikamwambia mke wangu, ongeza rangi hapo, nikipata nafasi nitaichomelea. Miaka mitatu namwambia ongeza rangi. Nafasi nilikuwa nawapa watu wa nje."

Binti mkubwa hakugombeza. Alifungasha nguo za watoto, akawabusu wazazi wake, akasema kwa heshima zote kwamba hawatakuja tena mpaka reli ile iondoke. Lilikuwa neno la haki na ndilo lililowauma zaidi.

Kuitoa ingekuwa kazi ya siku mbili kwa fundi anayefunga reli za wenzake kila wiki. Ila Mama Rangi aligoma. Alisema itengenezwe, ichomelewe nguzo mpya, atapaka mwenyewe. Mume akileta habari za alumini, mke anainuka na kwenda jikoni. Likizo ya kwanza ikapita bila wajukuu, ikapita ya pili, na nyumba ikawa kimya mpaka saa ya ukutani inasikika. Fundi anakiri kwamba naye alikuwa anavuta miguu. Aliwachagulia watu mia reli zao, ya kwake akawa kila siku anasema kesho.

Aliyewakwamua ni yule mdogo. Mama yake hakutaka kumtisha, hivyo alikuwa amemwambia kwamba baraza la bibi linaumwa, likipona watakwenda. Siku moja kwenye simu, akiwa ameshaongea habari zote za paka na za shule, mtoto akauliza:

"Bibi, baraza bado linaumwa? Hamlipeleki hospitali?"

Mama Rangi alimjibu kwamba linapelekwa. Akaweka simu, akachukua msumeno wa chuma wa mumewe, akatoka nje. Fundi aliporudi jioni alikuta nguzo mbili ziko chini na mkewe amekaa katikati yake, ana machozi na vumbi la kutu mpaka kwenye nyusi. Alimwambia mumewe asimguse kwanza, alete msumeno wa pili.

Walizikata pamoja. Pale msumeno ulipopita, rangi zilionekana moja juu ya nyingine, na Mama Rangi alizisoma kutoka ndani kuja nje, mwaka kwa mwaka, huyu alizaliwa, huyu aliolewa, huyu tulimzika. Fundi anasema hajawahi kuzungumza na mkewe kwa muda mrefu kiasi kile tangu alumini iingie.

Asubuhi yake alimpeleka karakana kama mteja. Mama Rangi aligonga mabomba, akatikisa nguzo za maonyesho, akakataa fito za kulala kabla hajaelezwa, akachagua mkono wa juu wa mviringo. Kuhusu rangi alitaka nyeupe, kwa hoja kwamba nyeupe haifichi kitu. Kisha ikafika zamu ya kiwiko. Akasimama wima, akakunja mkono.

Futi ikasoma sentimita nne chini ya kipimo cha ile reli yao ya chuma, aliyoifunga kwa kufuata kiwiko cha mkewe, kipimo ambacho fundi hajawahi kukisahau. Akapima tena. Akamwambia asimame sawasawa, asicheze na kazi za watu. Mama Rangi akamjibu kwamba amesimama.

"Nikajua tumezeeka," anasema fundi. "Niko naye kila siku, sikuwa nimeona. Nikaenda nyuma ya karakana kujifanya natafuta chaki."

Reli aliifunga kwa kimo cha usalama wa mtoto, na upande wa ndani, chini kidogo, akaongeza mshikio wa pili, kimo cha kiwiko cha mkewe cha sasa. Binti mkubwa alikuja peke yake kwanza. Alipiga teke chini ya kila nguzo, moja baada ya nyingine, namna baba yake alivyomfundisha akiwa mdogo. Alipomaliza akawaambia wazazi wake kwamba watoto wanafunga shule Ijumaa.

Hapo ingetosha kwa watu wengine. Lakini Mama Rangi hakulala vizuri wiki ile, na sababu aliitoa wakiwa mezani. Kama kutu ilijificha ndani ya rangi yake hapa, kwenye baraza alilolipaka kila mwaka, itakuwaje kwa zile nyumba mia moja na themanini na kitu? Kote huko kuna rangi yake, na kote huko kuna mtu anaegemea.

Sasa mpango wao ni huu: kuzipitia zote kabla mwaka haujaisha, nyumba sita kila Jumamosi, bila malipo. Fundi anabeba msumeno, na kamba ya kuzuia watu pale reli ikikutwa mbovu. Mama Rangi anabeba nyundo ndogo, na ndiye anayeongoza, kwa maana hakuna daftari. Nyumba zote ziko kichwani mwake, kwa rangi.

Jumamosi hii wameanza na baraza la mwalimu mstaafu, mama mpole anayeishi na dada yake. Amewapokea kwa furaha na anawaonyesha reli yake ya kijani iliyokolea, yenye umri wa miaka kumi na tisa. Anaisifia. Haijawahi kumsumbua hata siku moja, anasema, tazameni inavyong'aa, kazi ya mikono yako hii, Mama Rangi.

Mama Rangi anashukuru. Anapiga magoti kwa shida, anagonga nguzo ya kwanza karibu na sakafu. Inalia vizuri. Ya pili inalia, na ya tatu. Ya nne haitoi mlio wowote, na ncha ya nyundo inazama.

Anaichomoa, anapangusa unga mwekundu kwenye kanga yake. Mwalimu bado anatabasamu, hajaona. Nyuma yao Fundi Kiwiko ameshaanza kufungua kamba.

"Mwalimu," anauliza Mama Rangi akiwa bado amepiga magoti, "wajukuu wanakuja lini?"

"Kesho," anajibu mwalimu.