Daftari Langu, Ndege wa Mama

Mimi sijui kuchora. Nikichora kuku, watu huuliza kama ni birika au ni ramani ya Chita. Lakini nenda kwenye makumbusho fulani makubwa jijini uulize: wameniandika kuwa ni msanii, na mchoro wangu wameuhifadhi kwenye chumba chenye baridi kushinda kilele cha Kilimanjaro.

Mchoro ni wa mama yangu.

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni pale Kibaoni, mtu mzima na ndevu zangu, nikitafuta cheti cha kidato cha nne. Mchana mimi na mama tulikuwa shambani Michenga tukiamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Mpunga ukianza kujaza punje, kwelea kwelea hushuka kama bilioni kumi hivi, na asiyepanda dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba, tangu alfajiri kurusha madongo kwa kombeo atavuna majani matupu. Mama alikaa juu ya dungu, mimi nikizunguka chini kwenye matope. Daftari langu la hesabu nilimwachia huko juu lisilowe. Siku moja nalifungua nifanye kazi ya mwalimu, nakuta kurasa za nyuma zimejaa ndege, na katikati yao mwanamke amesimama dunguni, mkono nyuma, kombeo linazunguka, kanga imemshuka begani. Alikuwa yeye. Alijichora bila kioo!

"Mama, umelimaliza daftari!"

"Na hesabu zenyewe ulikosa zote. Nimekusitiri."

Baadaye akaja mgeni, mwanamke mmoja kutoka makumbusho, akikusanya habari za wakulima wa mpunga. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Ila mpunga ulikuwa bado shambani, na kuku walikwisha kwa ugonjwa wa kideri. Mama akaikagua nyumba nzima kwa macho, mwisho akampa lile daftari. Hakuandika jina lake popote. Nani anaandika jina kwenye zawadi? Jina lililokuwepo ni langu, kwenye jalada, kubwa kama bango la mgombea.

Ndipo ikaja barua ya makumbusho ya kunipongeza mimi kwa mchoro. Nilimsomea mama akiwa anapepeta mchele.

"Rudia hapo kwenye jina," alisema.

Nikarudia. Akaendelea kupepeta. Siku tatu akaniita msanii. "Msanii, teka maji." "Msanii, mbuzi wameingia kwenye mihogo." Nilicheka sana, nikidhani ni utani. Siku ya nne akaweka ungo chini.

"Mimi sina picha, mwanangu. Hata ile ya kitambulisho si mimi, ni mtu aliyeshtuka. Mimi ni yule wa dunguni. Siku nikiondoka, wajukuu waende pale wakute jina langu, siyo lako."

Sikucheka tena. Tukapanda basi kwenda jijini.

Tulipofika, dada wa ofisi ya kumbukumbu alimwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, kisha akatuambia mchoro hatuwezi kuuona. Stoo inafunguliwa kwa kibali cha mkuu, na mkuu yuko safarini. Kuhusu jina, alitikisa kichwa.

"Jalada lina jina lako, kaka."

"Dada, mimi hata mstari ulionyooka unanishinda!"

"Wasanii wengi ni wanyenyekevu."

Nilitamani kulia. Mama akanyoosha mkono. "Binti yangu, nipe kalamu." Nyuma ya fomu moja iliyokuwa mezani akachora ndege mmoja, wa pili, kombeo, bega. Dada yule akaacha kuchezea simu.

"Mkono ni uleule kabisa, mama!"

Nilikaribia kupiga vigelegele, mwanaume mzima. Kumbe fomu ya marekebisho inasainiwa na msanii aliyesajiliwa. Yaani mimi. Nikasaini. Akaibana pamoja na mchoro mpya kama ushahidi, akatoa faili jipya, na juu yake akaandika jina langu.

"Sasa hili tena la nini?" nilipaza sauti.

"Faili linafuata jina la mwombaji, kaka. Ndiyo utaratibu."

Getini mama aliniambia, "Umeongeza mchoro wa pili."

Mwezi uliopita makumbusho waliandika tena. Nilidhani ni marekebisho. Nikakimbia na barua hadi shambani, nikamsomea nikiwa chini ya dungu: wanamwuliza msanii, yaani mimi, kama ana michoro mingine.

Mama alirusha dongo, ndege wakaruka, wakatua palepale.

"Ngoja niwajibu," nikasema, nikitoa kalamu.

"Weee! Ukiandika wewe litatoka jina lako. Panda huku, ushike kombeo."

Nikapanda. Akageuza barua, akaiweka gotini, akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, akitumia muda wa kupika maharage. Hakuongeza neno. Mimi madongo yangu yote yalimpita ndege kushoto.

Tuliituma hivyohivyo. Mpaka leo hawajajibu.