Jiko la Padri

Kijijini kwetu Ravenby mwanaume akioa husemwa kapata jiko, na kijiji kizima hunywa pombe ya shayiri mpaka wengine walale mitaroni. Padri Hamo naye alipata jiko, ila pombe haikunywewa. Mapadri hawaoi. Ndivyo walivyoamua maaskofu huko waliko, watu ambao hawajawahi kuuchochea moto wao wenyewe. Kwa hiyo Aldith, binti wa msaga nafaka, alipoingia nyumbani kwa padri na kifurushi cha nguo na kuku wawili, hakuitwa mke. Aliitwa jiko la padri. Anatunza moto, basi. Na ule moto ukazaa mtoto wa kike, akabatizwa Estrild, wala hakuna aliyeuliza, maana nani atake maneno na mtu atakayemzika?

Aldith alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mipana na maneno machache. Alifua vitambaa vya altare, alioka mikate ya misa, na Jumapili alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, baridi ikimpiga miguuni. Mbele za watu alimwita Hamo "Padri" kama sisi wote. Nyumbani alimwita "wewe". Mtoto naye alifundishwa mapema, na kwa kuwa alikuwa na akili, hakukosea hata mara moja. Siku Aldith alipomsikia, mdogo hata kusema vizuri hajui, akimwambia baba yake, "Padri, nibebe," aligeukia chungu akakoroga njegere zilizokwisha kuiva zamani.

Tuna desturi yetu ya kuzika hapa. Jeneza likifika langoni pa uwanja wa kanisa, penye makaburi, padri husimama ndani na kuuliza, "Nani anamleta huyu?" Aliye damu yake hujibu kutoka nje: "Mimi, mwanawe." "Mimi, mume wake." Bila jibu lango halifunguliwi. Hata mpita njia akitufia hutafutiwa mtu wa kusema, "Mimi, mwenyeji wake." Tunaona ni aibu mtu kwenda kwa Mungu bila wa kumtambulisha.

Basi mfalme na Papa wa Roma wakagombana. Ugomvi ulikuwa ni nani awe Askofu Mkuu: Papa alimtaka huyu, mfalme akasema huyo hakanyagi nchi yangu. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi za Ravenby hazikumjua hata kwa sura huyo aliyekuwa akigombewa. Papa akaifunga nchi nzima. Misa hakuna, kengele hakuna, kuzika katika ardhi iliyobarikiwa hakuna. Watoto wabatizwe, wanaokufa waungame, mengine yote marufuku. Baridi ilipoanza kulegea, Padri Hamo alipanda mnarani akaikunja kamba ya kengele, kisha akaweka matawi ya miiba mlangoni pa kanisa.

"Mimi bata wangu wakigombana nawafungia wao," alisema Gunnild, mjane mfuga bata bukini, jirani yao. "Sifungii kijiji."

"Wakubwa watapatana kabla ya mavuno," Hamo alimjibu.

"Mavuno ya mwaka gani, Padri?"

Mavuno yakapita. Homa ya kinamasi ikaja na mvua, ikaingia nyumba hadi nyumba, na kwa padri ikamkuta Estrild, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kujisuka nywele mwenyewe. Hamo aliingia kumwungamisha. Sijui mtoto yule alikuwa na dhambi gani ya kuungama. Alipotoka, alinawa mikono, akaikausha polepole, akakaa.

"Utamzika wapi?" Aldith aliuliza.

"Aldith, sheria unaijua."

"Nimekuuliza mahali. Sheria sikukuuliza."

"Walipozikwa wenzake. Kando ya njia. Nitamwekea msalaba."

"Mtaroni? Walikofukiwa mbwa?"

"Marufuku itaondolewa, wewe. Tutamhamisha. Vumilia kidogo."

"Basi atasubiri juu," alisema Aldith. "Nipe kamba ya kengele. Haina kazi."

Wapo waliokuwa wamefanya hivyo kabla yake, waliokataa wafu wao wamezwe na udongo usio na baraka. Majeneza yao yalipakwa lami na kutundikwa kwenye mwaloni mkubwa unaoegemea ukuta wa kanisa, kwa nje. Tawi moja liliingia ndani ya uwanja, nalo hilo ndilo Aldith alilolitaka, ili walau kivuli cha mwanawe kiangukie ndani. Hamo mwenyewe alipanda akaifunga kamba. Upepo ukivuma, majeneza yaligonga shina, na wengi wetu tukaacha kupita njia ile. Aldith alikwenda kila asubuhi na fimbo kufukuza kunguru. Alimsimulia binti yake habari za kuku, nani kajifungua, nani kaangusha ndoo kisimani.

Pasaka ikapita, wakubwa hawakupatana. Badala yake mfalme akafikiri, na kwa ubaya alikuwa na kipaji. Alijua maaskofu wanasema mapadri hawana wake. Alijua pia kuwa mapadri wanao. Akaamuru majiko yote ya mapadri yakamatwe, na anayetaka lake alikomboe.

Akida wa mfalme upande wetu aliitwa Fulk, mtu mnene, mcheshi, mwenye viatu vizuri. Alimkuta Aldith chini ya mwaloni.

"Wewe ndiye jiko la padri?"

"Mimi ni Aldith."

"Jina sijaliuliza, mama. Tangu lini jiko likawa na jina?"

Askari wake wakacheka. Gunnild, aliyekuwa akipita na bata wake waliobaki, akasimama. "Akida, mwenzako aliyekuja kuchukua bata wangu alikuwa na adabu kidogo."

"Kwani hakuwachukua?"

"Aliwachukua. Lakini alisema samahani."

"Basi na mimi samahani," alisema Fulk, na Aldith akapandishwa mkokotenini. Hakupiga kelele. Alichomwomba Gunnild ni kwamba amfukuzie kunguru.

Waliwekwa katika ghala la mjini lililokuwa la watawa kabla mfalme hajalichukua, wanawake wa vijiji vingi, wazee kwa vijana, wengine na watoto mgongoni. Walilala juu ya majani ya ngano, na kwa vile hakuna dhiki isiyo na vichekesho, walicheka.

"Wangu mimi atatoa ng'ombe," alisema bibi mmoja asiye na meno. "Namjua. Atachagua yule anayekohoa."

"Heri wewe, bibi. Wangu anajipima kwanza kama anaweza kupika."

"Akishaonja uji wake mwenyewe atakuja mbio."

Na kweli walikuja, mmojammoja, wameinamisha nyuso, wakitoa nguruwe, wakitoa blanketi za sufu. Hamo hakuja. Aldith hakumlaumu, maana alijua zizi lao lilivyo tupu. Kisha Fulk akaingia, akachuchumaa mbele yake kama mtu anayetaka kununua kuku.

"Kwa wako sitaki ng'ombe," alisema. "Nimemtumia neno. Afungue kanisa. Apige kengele, asome misa, azike wafu wake, na wewe unarudi nyumbani. Mfalme atamlinda. Padri mmoja akithubutu, wenzake watafuata, unaonaje?"

Aldith moyo ulimruka. Azike wafu wake! Mahali alikuwa ameshapachagua zamani, chini ya ukuta wa kusini, jua linapokaa hadi jioni na theluji kuyeyuka mapema. Hakujali ni mfalme aliyelifungua lango au ni Papa. Wote wawili hakuwahi kuwaona, na jeneza la mwanawe alilisikia likigonga hata akiwa pale ghalani. Alitoa majani kwenye nguo, akafunga kilemba chake upya, akangoja.

Hamo alifika kesho yake, matope mpaka magotini. Aldith alimwona kakonda, na akamhurumia. Fulk aliwatoa uani na kuwasimamisha wakitazamana, mbele ya askari na wale wanawake waliokuwa wakichungulia.

"Padri, swali langu moja tu. Huyu ni wako? Akiwa wako, masharti unayajua: kamba ya kengele au ghala. Akiwa si wako, mimi sina kesi naye."

Hamo alijua gharama. Padri anayevunja marufuku ya Papa huvuliwa upadri, na asiye padri Ravenby hana nyumba wala shamba wala neno la kusema. Na kumwacha mwanamke yule ghalani hakuweza. Hilo nalo lazima niliseme, nisije nikamwonea. Aldith alimtazama tu. Hakutikisa hata kichwa.

"Si wangu," Hamo alisema. "Ni jiko tu. Anawasha moto."

Fulk alicheka mpaka akapangusa macho. "Mwacheni aende! Mimi sifungi wapishi."

Yule bibi asiye na meno, ambaye ng'ombe wake alikuwa bado njiani, aligeuza uso ukutani.

Walirudi kwa miguu, Hamo mbele, Aldith nyuma. Walipoufikia mto, Hamo alisema bila kugeuka, "Nimekutoa, Aldith."

"Umenitoa," alisema Aldith. "Kweli kabisa."

Kesho yake mchana, watu wakitazama, Aldith na Gunnild waliikata ile kamba ya kengele. Walilibeba jeneza hadi nyumbani kwa padri, wakazoa majivu, wakang'oa mawe ya jiko katikati ya sakafu, wakachimba. Hamo aliwakuta udongo ukiwa umewafika viunoni.

"Ardhi hii haijabarikiwa," alisema.

"Umeibariki mwenyewe. Kila siku umesimama hapa ukabariki mkate, ukabariki njegere. Baraka zote hizo zilimwagikia wapi?"

"Aldith, tafadhali."

"Umesema mimi ni jiko. Basi mtoto wa jiko huzikwa jikoni. Gunnild, nipe huo mkono."

Hakuondoka katika nyumba ile, kwa kuwa mwanawe alikuwemo. Lakini moto hakuuwasha tena pale. Alipikia nje, chini ya ukingo wa paa, mvua ikinyesha, theluji ikianguka, na bakuli la Hamo aliliweka kizingitini. Nyumba ya padri ikawa na baridi kuliko kanisa. Hamo akaanza kukohoa, na kikohozi hicho hakikumwacha.

Miaka ikaenda. Halafu siku moja tukasikia wakubwa wamepatana. Mfalme kapiga magoti, Papa kamsamehe, na yule Askofu Mkuu kakaa kwenye kiti chake. Waliulizana hasara, wakalipana. Ravenby haikuulizwa. Kamba mpya ikafungwa, kengele ikalia, na watu wazima wakalia nayo barabarani kama watoto. Mwakilishi wa askofu, mzee mwenye glavu, akaja kulifungua lango, na kijiji kizima kikatoka na majembe kwenda kuwachukua watu wake mitaroni.

"Sasa tumpeleke," Hamo alimwambia Aldith. Alikuwa ameshazeeka, na sauti ilimtetemeka kwa furaha. "Ukuta wa kusini. Nimeshachimba mwenyewe."

Aldith akaenda kulichukua jembe.

Lile jeneza lilikuwa jepesi. Wanawake wawili walilibeba bila shida, na mbele yao ikapita mifupa ya kijiji kizima. "Nani anamleta huyu?" "Mimi, mjukuu wake." Lango likafunguliwa. "Nani anamleta huyu?" "Mimi, mkewe." Likafunguliwa. Zamu yao ikafika. Hamo alisimama ndani na stola, ule utepe wa kipadri, shingoni, na yule mwenye glavu pembeni yake.

"Nani anamleta huyu?"

Aldith alinyamaza. Gunnild alimtazama, akaelewa, akafunga mdomo.

"Nani anamleta huyu?" Hamo alirudia. Kisha kwa sauti ya chini, "Aldith. Jibu, mama. Sema wewe ni mama yake, inatosha."

"Mama yake wanamjua wote," alisema Aldith, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwita mbele za watu kwa jina lake la haki. "Jibu wewe, Baba Estrild."

Hamo alifungua mdomo. Nasema kweli, kulikuwa na kitu mdomoni mwake. Sisi tuliosimama karibu tulikiona. Kisha yule mwenye glavu aligeuza kichwa kidogo tu, kumtazama, na kile kitu kikarudi ndani.

"Parokia," alisema Padri Hamo. "Parokia ndiyo inayomleta."

Lango likafunguliwa wazi kabisa. Kaburi lilionekana kwa ndani, limechimbwa vizuri chini ya ukuta wa kusini, na jua lilikuwa juu yake.

"Gunnild," alisema Aldith, "shika huko kwako vizuri. Tunageuza."

Walirudi na jeneza katikati ya watu, na watu wakawapisha. Hawakwenda kwa padri. Walikwenda kibandani kwa Gunnild, wakaondoa mawe ya jiko, wakachimba, wakamlaza, wakayarudisha mawe. Jioni Aldith aliwasha moto juu yake, mkubwa, akapika. Nyumba ya padri haikutoa moshi siku hiyo, wala siku nyingine yoyote mpaka tulipomzika Hamo, naye alipoletwa langoni padri mpya aliuliza nani anamleta, ikabidi tusukumane nani ajibu.