Sidii ya Rangi na Uso wa Baba

Katika duka letu la uchapishaji pale Ngara, marehemu wote walikuwa na rangi moja. Awe mzee wa kanisa wa Limuru, awe karani mstaafu wa Machakos, akishapita kwenye printa yetu alitoka na uso wa rangi ya maini. Tulichapisha kadi za harusi na kalenda za vyama vya akina mama, lakini riziki yetu hasa ilitoka kwa vile vijitabu vya mazishi, ambavyo visipokuwa na picha ya rangi kwenye jalada, familia huona kama haijazika mtu. Bosi wangu alikuwa na jibu kwa kila mteja. Waliofiwa aliwaambia kwamba mauti hubadilisha sura, nao hawakuwa na nguvu za kubishana. Maharusi waliotoka na rangi ileile aliwaambia ni wasiwasi wa ndoa, utaisha.

Aliyekaa mbele ya kompyuta ni mimi. Nilikuwa na cheti cha miezi mitatu kutoka chuo kimoja cha katikati ya jiji, ghorofa ya nne juu ya duka la viatu, na kiburi nilichotoka nacho mle kilizidi kwa mbali nilichofundishwa. Kwa hiyo Baba alipofariki, sikukubali mtu mwingine amtengenezee kijitabu. Niliipeleka dukani picha yake ya pekee, ya rangi, aliyopigwa studio akiwa na koti la kijivu, nikaiskani, nikaichapisha, na ile picha yenyewe ikapotelea kwenye droo za bosi. Kitambulisho chake kilikuwa kimerudishwa serikalini. Ikawa sura yote ya Baba iliyobaki nyumbani kwetu Woodley ni jalada la kijitabu changu, ambalo Mama alilikata kwa makasi, akalitia kwenye fremu na kulitundika juu ya televisheni. Rangi ya maini.

Na Mama maini aliyajua. Baada ya Baba kufa aliichukua bucha yao ya Dagoretti, akasimama mwenyewe nyuma ya kaunta, na kwa kutazama tu nyama iliyoning'inia aliweza kusema ilichinjwa leo au jana. Mdomo wake pia ulikuwa na makali. Mteja aliyeuliza kama nyama ni ya leo alielekezwa akamuulize ng'ombe. Basi mara kwa mara, jioni tukiwa tunakunywa chai, aliinua macho kwenye fremu na kuuliza:

"Baba yako alikuwa hivi kweli?"

Mimi nilisikia kejeli. Nilijua anaicheka kazi yangu, na sikuwa mtu wa kuchekwa nikanyamaza.

"Alikuwa hivyo hivyo, Mum. Ni wewe umesahau bwana yako haraka."

Aliirudia chai yake. Kumshinda Mama kwa maneno halikuwa jambo la kila siku, nami nilikwenda kulala nimeridhika.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ikapangwa ibada ya kumbukumbu kanisani. Mama akaniita jikoni.

"Nataka picha kubwa," akasema, "ya kuwekwa pale mbele, watu wote waone. Na hii ujaribu sana. Nataka kumuona vile alikuwa."

Kijitabu mtu hukitazama mara moja, akakikunja, akajipepea nacho. Lakini uso wa rangi ya maini, wenye ukubwa wa sinia, ukiwatazama waumini kwa saa tatu, ungezungumzwa mpaka Krismasi. Nikaenda mjini kumwona muuza wino wetu, aliyekuwa na kibanda cha upana wa kabati katika jengo lililojaa vibanda vya namna hiyo.

"Niaje. Ile profaili mliweka?" akaniuliza kabla sijamaliza kulalamika.

"Profaili gani?"

"Si ile ilikuwa kwa sidii nilipatia bosi wako? Hii wino yangu si ile ya kampuni. Lazima kompyuta iambiwe ni wino gani na ni karatasi gani, ndio rangi itoke poa. Bila hiyo faili inabahatisha tu."

"Sasa hiyo faili inawekwa wapi?"

"Kwa kompyuta," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Sidii yenyewe, ile santuri ndogo ya kung'aa, niliifahamu sana. Duka letu lilipiga pia picha za pasipoti, na bosi alikuwa ameifunga kwa uzi na kuitundika ukutani iwe kioo. Kwa miaka miwili watu walikuwa wamechana nywele na kunyoosha tai mbele ya dawa ya ugonjwa wetu. Nikaitungua, nikaifuta mafuta ya nywele, na ndani yake nikakuta faili moja ndogo, imekaa peke yake.

Sasa kazi ikawa ni mahali pa kuiweka. Duka letu lilikuwa na sheria moja tu, iliyoandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa juu ya kompyuta: C HAIINGILIWI. Fundi fulani aliwahi kumwambia bosi kwamba uhai wote wa kompyuta unakaa kwenye diski C, na tangu siku hiyo bosi aliiheshimu kama chumba cha kulala cha baba mkwe. Kila kitu chetu kilikaa D. Kwa hiyo profaili nayo ikaanzia maisha D. Niliiweka kwanza kwenye folda niliyoiita Rangi. Printa haikujali. Nikaiweka pale mbele kabisa inapowaka kompyuta, labda ionekane. Bosi akapendekeza tuitie ndani ya folda ya Mazishi iwe karibu na kazi, na hilo liliposhindwa akapendekeza tuinakili mara tano. Tukainakili mara tano. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye mtoto chuo kikuu.

Siku ya nne, saa ya chakula, nikaenda saiba moja ya katikati ya jiji nikaiulize intaneti. Kumbe swali langu lilikuwa limeshaulizwa. Mtu mmoja, sijui wa nchi gani, alikuwa ameliuliza kwa adabu sana, na wa kwanza kumjibu alimwambia aiweke faili mahali pake pa kawaida. Wa pili alimkemea kwa kuuliza kabla ya kutafuta. Wa tatu na wa nne waligombana juu ya kompyuta ambayo mtu mwenye akili anapaswa kununua, wakaendelea hivyo kurasa mbili nzima. Chini kabisa, mtu asiye na maneno mengi aliandika njia: diski C, kisha folda ya Windows, kisha System32, kisha spool, kisha drivers, kisha color. Nikainakili nyuma ya kadi ya harusi iliyoharibika, nikawa nairudia kimoyomoyo mpaka Ngara kama niliyetumwa dukani.

Bosi alipoiona C mwanzoni mwa orodha, akavua kofia.

"Hapo hatuendi."

"Boss, huyu ni baba yangu."

Akafikiri. "Basi ingia. Lakini usiguse kitu. Weka tu, utoke."

Tulipofika mlangoni mwa hiyo System32, kompyuta yenyewe ikatuonya: faili za humu ndizo zinazoendesha mashine, usizibadilishe. Bosi akanitazama kama mtu aliyepata shahidi. Nikabonyeza pa kuendelea. Tukashuka folda baada ya folda, yeye akisoma kadi kwa sauti, mimi nikibonyeza, hadi tukaikuta folda ya rangi, ikiwa na profaili chache zilizokuja na kompyuta, za vitu ambavyo hatukuwahi kuwa navyo. Nikaiweka yetu katikati yao. Tukatoka hatua kwa hatua kwa njia ileile tuliyoingilia, maana bosi alikataa katakata nifunge ghafla. Miezi kadhaa baadaye nilikuja kugundua kwamba ningeibonyeza tu ile faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, pangetokea neno la kuisakinisha, na ingekwenda yenyewe mahali pake. Jambo hilo sijamwambia bosi hadi leo.

Nikaichagua profaili kwenye mipangilio ya printa, nikamrekebisha Baba kidogo kwenye skrini kama tulivyozoea kuwarekebisha watu wote, nikachapisha. Maini.

Nilirudia mara tatu, nikabadilisha karatasi, nikamlaani muuza wino na ukoo wake. Ilikuwa Ijumaa, ibada ni Jumapili. Nilikuwa na hasira iliyokaribia machozi, na katikati ya hasira hiyo Mama akaingia mwenyewe, moja kwa moja kutoka buchani, koti lake jeupe la kazi likiwa ndani ya mfuko.

"Iko wapi?"

Nikamketisha nimweleze. Nikamwambia kwamba picha zote nikiziskani hutokea kwenye skrini zikiwa za manjano, kama watu wenye ugonjwa wa ini, na kwamba mimi huipunguza hiyo manjano mpaka uso ukae sawa. Tazama hapa, uko sawa kabisa, ila printa ndiyo haitaki. Mama hakuutazama uso. Aliinama akaitazama skrini yenyewe, akapitisha ukucha kwenye kona.

"Hii ni nini?"

Ilikuwa nailoni. Skrini ilikuja nayo kutoka ilikonunuliwa, na bosi aliamuru isibanduliwe ili kitu kisizeeke. Miaka miwili ya mvuke wa chai na vumbi la Ngara ilikuwa imeifanya rangi ya chai ya maziwa, na sisi tulikuwa tumeacha kuiona. Sitaki kumcheka bosi kupita kiasi. Viti vya kwetu Woodley vilikuwa bado na nailoni yake, na mgeni akisimama ulimsikia akibanduka.

"Mimi siwezi chagua nyama ikiwa ndani ya karatasi," Mama akasema, akavuta.

"Mama, hiyo bado ni mpya!" bosi akalia.

"Ilikuwa."

Ikatoka yote kwa mlio mrefu. Uso wa Baba niliokuwa nimeurekebisha ukaonekana ulivyo, wa zambarau, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Nikafungua ile picha niliyoiskani mwaka uliopita, ambayo haikuwa imeguswa. Haikuwa na manjano hata kidogo. Ilikuwa imekaa humo muda wote, haina kosa. Nikaichapisha vilevile ilivyo, safari hii profaili ikiwa mahali pake na mimi nikiwa nimeondoa mikono yangu.

Printa yetu ilikuwa ya polepole. Lilitoka kwanza paji la uso, kisha nyusi, kisha mashavu yenye weusi wa kahawia, ule wa mtu aliyesimama juani miaka mingi, kisha koti la kijivu ambalo kweli lilikuwa la kijivu.

"Naona kama imepauka," bosi akasema. "Tuongeze kidogo?"

Mama aliichukua karatasi kwa pembe zake mbili, akaenda kuketi nayo kwenye kile kistuli cha picha za pasipoti.

"Kumbe," akasema. Akaisogeza karibu na macho, akasema tena, "Kumbe."

Nikasimama kungoja aniseme. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa maneno makali, na nilijua nayastahili.

"Mimi nilikuwa nakuuliza kwa sababu sikuwa najua," akasema, bila kuinua macho. "Nikiamka asubuhi namkumbuka hivi. Halafu nikiangalia kwa ukuta naona mwingine. Nikikuuliza unaniambia alikuwa vile vile, ni mimi nimesahau. Nikaona basi, labda ni ukweli. Labda nimeanza kumsahau."

Mwaka mzima alikuwa ameniuliza, na mwaka mzima nilikuwa nimemjibu hivyo na kwenda kulala nimeridhika. Mama akaanza kupitisha kidole gumba taratibu kwenye shavu la Baba.

"Wino haujakauka, Mum," nikasema.

Akaondoa kidole, akaendelea kumtazama.