Tulivyoifungasha wenyewe mashine iliyokuwa inatulisha

Wakuu, habari za mapumziko. Hiki kisa ni changu mwenyewe na sijaongeza chumvi, ilikuwemo tayari.

Wakati wa vita nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha misumari, Bujumbura. Nyumbani kwangu Musaga tulikula kwa mshahara ule tu. Nje risasi, ndani sufuria inachemka, tukajiona mabosi kidogo.

Siku moja patron, mwenye kiwanda, akatuletea fundi kutoka nje ya nchi. Akasema mashine kubwa inavuka ziwa kwenda kufanyiwa révision, yaani matengenezo makubwa, itarudi kama mpya.

Tukapiga makofi. Wallahi tulipiga makofi.

Mkubwa wetu wa mashine alikuwa Mzee Shabani wa Buyenzi. Kwake mgeni hafanyi kazi na njaa, basi kila mchana mkewe akamletea yule fundi pilau. Sisi tulinusa tu.

Fundi akauliza kila kitu, Shabani akamwonyesha kila kitu: wapi pa kukaza, wapi pa kupaka grisi, wapi pa kuigonga nyundo ikigoma. Mimi nilishika chaki, naandika namba kwenye kila kipande tulichofungua ili huko wasikosee kuiunganisha.

Yaani nilikuwa najiachisha kazi kwa mwandiko mzuri!

Bandarini Shabani akainua mikono, akaisomea dua. Kisha akanifokea: "We mutoto, funga muzuri hiyo kamba! Ikianguka mu maji tutakula nini?"

Haikuanguka. Ilifika salama kabisa.

Tukasubiri. Ovaroli yangu ilifuliwa na kupigwa pasi kila Jumapili. Mwishowe patron akatuita, akasema mashine itabaki huko huko, kazi hapa imekwisha, asanteni. Nilirudi kwa miguu, naogopa hata kumtazama mke wangu.

Nikaishia kuuza misumari sokoni Mutakura. Misumari ya mashine ile ile, sasa patron anaileta kwa boti.

Mama mmoja akaigeuza mkononi: "Hii ndiyo misumari! Apana ile takataka mulikuwaka munatengeneza hapa."

Iliniuma, wakuu. Nilitaka kubisha, lakini watoto walikuwa hawajala.

"Kweli mama," nikasema, "watu wa nje wanajua kazi." Nikampimia kilo mbili.

Nilichojifunza: mgeni akitaka kujua mashine yako inagomea wapi, muulize kwanza anaipeleka wapi.

Yaliyowakuta nyinyi yawekeni hapa chini. Na wa kunicheka anzeni tu, mke wangu alishatangulia.