Mvinyo wa Marwa na Mbavu za Mbuzi

Jumamosi jioni.

Bhoke rafiki yangu, na wote mnaonifahamu, sikilizeni.

Leo tumemaliza matanga ya mume wangu, Marwa. Nikatoa chupa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa aliyoinunua Sirari, mpakani, siku alipouza dhahabu yake ya kwanza kutoka mashimo ya Nyamongo. Aliniambia, "Usiifungue mpaka siku tukichinja mbuzi."

Mbuzi amechinjwa. Nikawamiminia wakwe.

Jamani! Mchungu, mkali, unakausha ulimi kama ndizi mbichi!

Mdogo wake Marwa, Chacha, akatema palepale. "Shemeji, hii imeharibika. Kaka alitapeliwa mpakani! Lete maji ya moto tuizimue kama pombe ya mtungi."

Machozi yakanitoka. Zawadi pekee aliyoninunulia kwa dhahabu ile, kumbe ni takataka?

Mama mkwe alikuwa anatafuna ubavu wenye mafuta. Akanywa. Akanywa tena.

"Chacha, achana na hayo maji ya moto. Mwanangu hakutapeliwa. Nani kakwambia unywe kabla ya nyama?"

Tukala mbavu, tukanywa. Sikuamini! Ukali wote umekwisha, imebaki ladha ya zambarau zilizoiva.

Muda wote nilidhani Marwa alitaka sherehe tu. Kumbe alikuwa ananieleza mvinyo ule unanywewa pamoja na nini.

Chacha ndiye aliyeomba kuongezwa.

Mkila mbavu za mbuzi, mkumbukeni Marwa. Na mimi mnikumbuke.